Masikio ya Mzee Assumani

Mpendwa Mama Immaculée wa redio, naomba msaada wako kabla ya siku ya Mungu, Jumapili hii, usingizi umenikimbia, na jina langu tafadhali usilisome. Mimi ni mpiga gitaa hapa mjini Baraka, nilijifunza kambini Kigoma wakati wa ukimbizi, na tangu bunduki zinyamaze kidogo na watu waanze kuvuka ziwa kurudi, parokia ilipanga tamasha uwanjani, wazee na vijana jukwaa moja, nami nikawekwa pamoja na Mzee Assumani, yule ambaye mwaka wa tisini na sita alikimbia akaacha godoro, akaacha mbuzi, akabeba likembe yake, kile kisanduku cha vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba, ndani ya kitenge cha mke wake. Sasa Mama, mzee alipokwenda kusali alasiri akaniachia likembe niilinde, nikaijaribu na gitaa langu, nikaona sauti hazikutani, nikasema huyu ni mzee, hajui noti, ngoja nimsaidie, nikavisogeza vile vyuma kimoja kimoja mpaka vikafuata gitaa, na sikumwambia, nilitaka ajifurahie mwenyewe jukwaani.

Hakufurahi. Aligusa, akasimama, akagusa tena, akaiweka sikioni, akacheka kidogo akaenda kuketi pembeni, mimi nikaendelea peke yangu na watu wakanibeba juu kwamba nimeokoa tamasha, na nilibebwa, Mama, sikukataa. Kesho yake akaniita: « Mutoto wangu, likembe iliniongelesha luga sijue. Masikio yangu imekufa. Kamata, ikuwe yako. » Mke wake, Mama Saumu, kila asubuhi anamtilia mafuta ya mawese ya vuguvugu masikioni, mzee analala ubavu kama mtoto mchanga, haimbi tena, hata redio hataki. Siku ya Mungu tuna tamasha la pili kule Lweba na watu wanamsubiri yeye. Nimejaribu kurudisha vyuma kwa siri, nimeshindwa, sijui vilikaaje. Nifanye nini apone bila kujua kwamba ni mimi?

Mpiga gitaa mwenye haya, Baraka

Mwenye haya, haya gani hiyo? Jina lako umeficha, la mzee umeliandika lote, na Baraka nzima tuliona nani alikuwa pembeni yake na gitaa. Nilikuwepo, nilikupigia makofi, kwa hiyo leo tunaona aibu wawili.

Nakuhurumia, maana ulitaka kusaidia. Lakini nani alikutuma? Mzee amevuka vita na ziwa na chombo chake, wewe wa gitaa la juzi unakiona kina kasoro! Gitaa lina funguo sita za kukaza nyuzi, si ungezungusha zako? Tena unasema hajui noti. Uwanja mzima tulisikia likembe nzuri tu, yeye peke yake ndiye aliyesikia kwamba imebadilika. Masikio yaliyokufa hayafanyi hivyo. Hayo ndiyo masikio mazima tuliyokuwa nayo siku ile, na sasa yanajazwa mawese ya kupikia mboga ya sombe. Inaniuma, kijana.

Unataka apone bila kujua. Haiwezekani, dawa yenyewe ni kujua. Mficha uchi hazai. Shika likembe kwa mikono miwili, ingia kwake, piga magoti, sema: « Baba, ni mi niliigeuza. » Usianze na ilikuwa hivi na hivi. Atakutukana, pokea yote. Kisha mwombe airudishe mwenyewe, chuma kwa chuma, Mama Saumu akisikia, na wewe kaa chini ufuatishe gitaa lako. Huko Lweba uwaambie watu kabla ya wimbo wa kwanza, kwa sababu ulibebwa hadharani.

Jambo moja bado. Mzee hataki redio, sawa. Lakini Mama Saumu aliniambia juzi sokoni kwamba hajawahi kukosa kipindi hiki. Kwa hiyo sasa hivi ameweka chini chupa ya mawese na anamtazama mume wake. Mwanangu, kimbia.