Siku Fidla Yako Ilipopambana na Piano

Mume wangu Masanja, mjukuu wangu wa kwanza,

Mama yako anaandika, mimi nasema. Nimemkataza kupunguza makali. Anayetaka kuisoma barua hii hadharani na aisome.

Amenisomea habari zako. Ati mtihani wako huko Ulaya ni kile kile kipande kigumu cha fidla na piano, woga umekushika, unataka kuacha urudi nyumbani. Nilicheka, kisha ugali ukanishinda. Kwani umesahau ulivyokipiga hapa Mwanza?

Mitumba ilikuwa imejaa sokoni miaka ile, hata fidla yako ilitoka humo, imeviringishwa ndani ya koti la baridi. Kwenye ukumbi wa kanisa ulisimama wewe, na Sista wa parokia akakaa kwenye piano. Mimi nimezoea ngoma zetu za Bujora: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, watu wanahamia kwenye kundi lililolizidi lingine. Nikaona mnafukuzana, Sista ananguruma, vidole vyako vinakimbia kama dagaa walioshtuliwa, na watu wamekaa kimya kama wako msibani. Nikasema hawa hawajui kuamua. Nikainuka, nikaja kusimama upande wako na vigelegele juu.

"Hamieni huku! Sista kazidiwa!"

Akina mama wenzangu wa Kisesa wakanifuata na viti vyao. Sista akashindwa kupiga kwa kicheko.

"Bibi, hatushindani! Tunapiga pamoja!"

"Pamoja gani, nawe unamkimbiza hivyo? Jasho la mume wangu hulioni?"

Ulicheka mpaka upinde wa fidla ukakudondoka. Hapo ndipo nataka ukumbuke. Kabla ya kicheko kile ulikuwa umekauka kama mpini wa jembe. Mlipoanza upya, pale pagumu ulipapita ukitabasamu, na Sista ndiye aliyetoka jasho.

Hao wazee wa mtihani wana masikio mawili tu kama mimi. Ukirudi kwa kutukumbuka, njoo hata kesho, sato wapo ziwani. Ukirudi kwa woga sikupokei, nakupa talaka mbele ya mama yako.

Jumapili baada ya misa nitakuwa parokiani nimeshika simu. Usinisalimie, dakika zinaliwa. Weka simu kando ya fidla, anza na pale pagumu. Ukikosea, endelea tu. Mimi sikati simu.

Mkeo mkubwa,
Bibi yako