Sauti Nne za Korali ya Kasha

Mujukulu wangu Ansima,

Pokea salamu za Kasha. Mama yako iko muzima, maharagi imeanza kutoa maua, na kidonda changu kimekauka. Daktari anacheka kwa furaha akiniona.

Unaniuliza kama uache hayo masomo ya kansa, kwa sababu umepima jeni za wagonjwa ukaona hakuna kitu, umepima protini zao, pia hakuna kitu.

Sikia. Nikiwa binti, korali yetu ya parokia iliharibika karibu na Pasaka. Wote tulilaumu soprano, kwani ndio wanasikika. Mwalimu akaimbisha kila sauti peke yake: zote nne safi! Tukakasirika. Ndipo akatuunganisha sauti mbili mbili, na tukasikia: alto walijifunza kuimba wimbo kwa mwendo wa polepole, bas kwa mwendo wa mbio. Kosa halikuwa kwa mutu. Lilikuwa katikati yao. Tukalinganisha mwendo, na siku ya Pasaka wimbo ulitoka mutamu hata padri alisahau kuketi.

Basi usiache. Weka jeni na protini pamoja, usikilize tena. Kile kipande cha kansa madaktari walichonitoa kwenye titi, nilisaini ili wakihifadhi kwa masomo. Ukiwa tayari, anza na hicho.

Koko wako, alto mpaka leo.