Wamewatoa Wale wa Nyuma Yangu

Jumatatu. Ipogolo leo kuna baridi ya kijinga, ile yenye upepo, na malori yanayopanda kwenda Mbeya yanatupulizia vumbi mpaka kwenye uji. Nimeamka na hasira, uji wenyewe umenishinda.

Mimi shule sikwenda. Nasema, simu inaandika, ikikosea, nisameheni. Lakini hili lazima nilitoe, maana nikikaa nalo nitagombeza kuku bure.

Wamewatoa wale wa nyuma yangu.

Ngoja nieleze. Mjukuu wangu Faraja, niliyemlea mwenyewe, sasa ni mtu mzima yuko Mbeya, anatengeneza magemu ya simu na mwenzake mmoja anaitwa Ayubu. Gemu lao la kwanza ni la kurukaruka. Bibi kizee amefunga kanga kiunoni, ana ndoo ya maji kichwani, anapanda vilima, anaruka mashimo na magogo mpaka afike kwake bila maji kumwagika. Bibi huyo ni mimi. Faraja alinichukua video natembea uani, akamtengeneza na mguu wangu mbovu kabisa, anachechemea vilevile. Sikukasirika. Mguu ni wangu, na unanifikisha.

Akanitumia ili nilijaribu kabla halijatoka kwa watu. Nikalicheza mpaka maharage yakaungua.

Sasa, ukifika bondeni, wanatokea watatu nyuma yako. Kanga kama yangu, ndoo kama yangu, ila wenyewe weusi tii kama kivuli. Nikiruka, baada ya kidogo na wao wanaruka. Nikiinama, wanainama. Nikisimama, wanasimama. Na wanachechemea! Nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Mimi nikajua ni watoto.

Basi nikawa nawaongoza. Niligundua nikienda kwa pupa, wa mwisho anaruka vibaya anatumbukia shimoni, na roho inaniuma kwelikweli. Nikapunguza mwendo. Polepole, polepole, ruka. Kulikuwa na sarafu za dhahabu zinaning'inia huku na huku, sikuzigusa. Nani anarudi nyuma kufuata sarafu na maji yako kichwani? Siku nilipowafikisha wote watatu mpaka mlangoni, nikampigia Faraja hapohapo.

"Faraja mama, leo nimewafikisha wote!"

"Wote akina nani, Bibi?"

"Si hawa watoto wa nyuma. Hakuna aliyetumbukia hata mmoja."

Akaangua kicheko, na yule Ayubu namsikia anacheka pembeni.

"Bibi, hao ni maadui! Wakikugusa unakufa."

"Adui gani anavaa kanga yangu? Na mbona siku zote hizi hawajaniua?"

"Kwa sababu wewe hugeuki nyuma. Wenzako wanaolijaribu wanarudi kuchukua sarafu, wanagongana nao uso kwa uso."

"Basi hao wenzangu wana tamaa."

Akacheka tena, nami nikadhani yameisha. Kumbe nimewachongea kwa mdomo wangu mwenyewe. Ayubu akamwambia: vijana wanalalamika hao waigaji ni wagumu mno, wanaacha gemu katikati, bibi yako naye anawaona wajukuu. Adui asiyeeleweka wa nini? Toa. Wakawatoa. Jana gemu jipya likaingia kwenye simu yangu, la zamani likafutika. Faraja aliniambia nibonyeze pale pa kijani, nami nikabonyeza kama mjinga.

Bondeni wameweka nyuki.

Nyuki! Wanakuja kwa mbele, unawakwepa, wanapita zao, basi. Nimeruka mashimo yote vizuri, hakuna kilichonishinda. Nikafika pale kwenye gogo nilipozoea kuwasubiri, nikasimama, nikaangalia nyuma.

Hakuna mtu.

Mtu atasema, bibi mzima analia na picha za kwenye simu. Aseme. Faraja akiwa mdogo nilikuwa naenda naye vinyunguni, kwenye bustani zetu za bondeni tunazolima kiangazi. Alikuwa anakuja nyuma yangu na kindoo chake, anachechemea kama mimi, na miguu yake yote mizima. Wanawake njiani wanacheka wanashika mbavu. Mmoja akataka kumchapa, eti anamdhihaki mkubwa. Nikamwambia, mguse uone. Huyu anaiga mguu wangu kwa sababu ndio mguu anaoujua.

Kwa hiyo mimi nilipowaona wale watatu sikuhitaji kuambiwa wametoka wapi. Jana ndiyo nikamwuliza, nikitaka nisikie kwake. Nikamwambia, hao si wewe, mama, na kile kindoo?

"Mimi hata sikumbuki, Bibi. Maadui wa kuiga wapo kwenye magemu mengi tu."

Hakumbuki.

Hilo la kuwatoa ningelimeza. Hili, tangu jana, silimezi.

Nikamwomba anirudishie mmoja. Mmoja tu, hata awe mdogo. Akasema, "Nitaongea na Ayubu, Bibi, ila Jumamosi linatoka." Namjua huyu mtoto. Akisema nitaongea, ujue haongei. Nikamwambia basi mmenitengenezea bibi asiye na mtu, anahangaika na maji ya kunywa peke yake, nani atalinunua gemu la namna hiyo. Simu ikakatika. Alikata yeye au chaji iliisha, sijui. Mpaka sasa hajapiga.

Nina mdomo, najijua. Lakini sikusema uongo.

Na Ayubu simchukii. Simjui hata sura. Huenda ni mtoto mzuri, na siku akija hapa atakula ugali mpaka afungue mkanda. Ila nyuki wake siwataki.

Nimekaa na simu mapajani asubuhi nzima. Nimelifungua tena hilo gemu, nikageuka tena pale kwenye gogo, kama vile labda wamechelewa. Unajua upumbavu wa namna hiyo? Nikaizima nikaiweka chini ya mto.

Sasa nimeamua. Kesho napanda basi la Mbeya. Viazi nimeshafunga, na jogoo yule mkorofi namfunga miguu alfajiri. Sitampigia Faraja kumwambia nakuja, maana ataanza kusema yuko bize. Nikifika nitakula chakula chake, nitakisifu hata kama hakina chumvi, na gemu sitalitaja kabisa. Nitamwambia tu twende sokoni, mimi mbele, yeye nyuma na kapu.

Nitatembea na mguu wangu huuhuu, polepole, wa nyuma asije akatumbukia.

Sitageuka. Nitasikiliza miguu.