Kuponi za Bi Mwanaidi

Mjukuu wangu Rehema,

Shikamoo yako imefika hapa ughaibuni, Abu Hamour, marahaba. Mama yako bado anapanda basi la hoteli kila alfajiri kwenda West Bay, na mdogo wako ameota jino. Mimi nalalamikia kiyoyozi tu.

Umeuliza hatifungani isiyo na jina ilikuwaje. Ilikuwa karatasi ya deni la manispaa ya huko nyumbani, mali ya yeyote aliyeishika. Ukitaka iandikwe jina lako, uliipeleka manispaa pamoja na kuponi zake zote, vile vipande vya kukata vya kudai riba, ambazo siku zake hazijafika.

Nikiwa karani kijana pale manispaa, Bi Mwanaidi, muuza vitumbua, alileta hatifungani yake iandikwe jina, bila kuponi. Kuponi alishazikata, akawagawia wanawe wanne ili wasije wakagombana akifa. Nikamjibu kwa ukali, azikusanye kwanza. Akarudi na za watatu. Kitindamimba wake, Athumani, alikuwa amekataa kumpa.

"Basi umezaa mwizi," nikamwambia.

Kesho yake Athumani akaja na mama yake, kuponi amezifunga kwenye leso. "Mama hupoteza hata funguo," akasema. "Hizi akiziangusha njiani, ni za mwokotaji." Hakuondoka dirishani mpaka nilipomaliza kuandika jina la mama yake. Sikumwomba radhi, na hilo bado linanikera.

Barua hii anakuletea Saidi, jirani yetu dereva, anayekuja likizo. Nimemwambia akukabidhi wewe mwenyewe, asimpe mtu mwingine. Amenuna, anadhani simwamini. Mpe chai, umsimulie habari za Athumani.

Babu yako