Kadi Haiingii Kwenye Kasha Nililolipenda

Mpendwa mshauri, nakusalimu kwa jina la Mwenyezi Mungu, na kabla hujaniona mpuuzi nakuomba unisome hadi mwisho, maana shida yangu ni ya kompyuta ya gemu na mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, fundi cherehani, shule niliishia darasa la saba.

Mume wangu aliendesha lori miaka ishirini na sita. Mwaka jana sukari ilimla mguu wa kushoto, wakaukata chini ya goti, na toka siku hiyo ni kama waliukata na ulimi, maana mtu aliyekuwa akianza kuongea tangu mlangoni sasa ni "ndiyo" na "hapana" basi, naweka chakula anakula, namchagulia shati anavaa, namwambia tukae nje tunakaa. Nimeomba, mshauri, nimefunga, nimelia.

Mdogo wake, shemeji yangu, ni fundi wa kompyuta. Siku moja alituita kazini kwake ambako wana kompyuta yenye skrini tatu zilizopangwa kama nusu duara, akamkalisha kaka yake katikati, akafunga usukani mezani, akamwambia mguu wa kulia unatosha, humu hakuna klachi. Ile barabara haikuwa kwenye skrini, ilikuwa chumbani. Mbele lami, kushoto miti inapita pembeni ya jicho, kulia bonde linashuka hadi chini kabisa na ukungu ndani yake, mara mvua ikaanza kupiga kioo, nikashika kiti nisianguke na huku nimesimama kwenye sakafu ya saruji. Nikajikuta nasema Mola wangu, umewapa waja wako akili za namna gani. Ndipo mume wangu akageuza shingo, akatazama kioo cha pembeni kwenye skrini ya kulia, akasema, "Ngoja nimpishe huyu wa nyuma, ana haraka." Kwa sauti yake ile ya zamani. Shemeji alitoka nje akajifanya anapokea simu.

Tukakubaliana tumtengenezee ya kwake, kwa siri. Shemeji akaniandikia vifaa vyote kwenye karatasi, na akasisitiza kadi ya picha, kwamba hiyo ndiyo inayochora skrini zote tatu kwa pamoja, na kasha la kufungia vifaa hivyo ndani akaandika liwe kubwa, lenye matundu mbele ya kupitisha hewa. Yeye akasafiri kikazi. Akaniaga akisema, "Shemeji, dukani nenda na karatasi, macho yaache nyumbani." Tukacheka.

Nilinunua kila kitu kama kilivyoandikwa mpaka nikafika kwenye kasha. Lile alilotaka shemeji lilikuwa jeusi, limekaa kama kabati la viatu. Pembeni yake palikuwa na dogo la kioo, taa zake zinabadilika polepole, buluu, zambarau, waridi, kama alfajiri imefungiwa ndani, nikasimama pale sijui muda gani, nikasema mume wangu amekaa mwaka mzima anatazama ukuta, naye anastahili kitu cha kupendeza. Nikalichukua, nikabandua na karatasi za kulinda kioo chake. Fundi wa duka akaingiza kadi, ikagoma. Imezidi vidole viwili. Mimi, mshauri, ambaye miaka thelathini sijagusa kitambaa kwa mkasi kabla ya kupima mara mbili, na futi yangu ya kupimia ilikuwa kwenye mkoba.

Kasha wamekataa nilirudishe kwa kuwa nimelibandua, ila kadi wako tayari kunibadilishia nyingine fupi, ambayo itaendesha skrini mbili vizuri na ya tatu itakwamakwama. Je, nichukue fupi, niweke skrini mbili, ninyamaze? Shemeji anarudi baada ya siku nne na naona aibu kumweleza. Na tena roho inanisuta, maana mshangao ule nilikuwa nauona kwenye ibada tu. Nimekosa?

Mke wa dereva

*

Dada yangu, kustaajabu si dhambi. Uliona jambo kubwa na jina la kwanza kukutoka likawa la Mola, sasa kosa liko wapi? Nilipomaliza barua yako nilimwendea fundi wetu wa kompyuta hapa gazetini, akaniunganishia skrini tatu, nikapanda mlima na kikombe cha chai mkononi. Chai ilipoa sijainywa. Nimekuelewa.

Lakini skrini mbili, hapana. Fundi aliondoa moja ili nione: kingo za zile mbili zilizobaki zinakutana katikati, sawasawa na pua ya dereva, kwa hiyo nguzo nyeusi inasimama pale ambapo barabara inatakiwa kuwa. Ukiiweka moja mbele, upande mmoja unabaki kipofu. Mumeo aliongea kwa sababu aliona kilicho nyuma yake, nawe unataka kupunguza hapo hapo ili kasha lipendeze? Acha.

Kadi ibaki. Rudi ukachukue lile kabati la viatu, na safari hii toa futi, pima nafasi ya ndani ulinganishe na urefu wa kadi. La kioo litumie kuwekea nyuzi zako. Skrini zote tatu ziwe saizi moja na kimo kimoja, la sivyo barabara itapinda kama sketi iliyokunjwa pindo vibaya. Kifaa cha kulisha mashine umeme kiwe na nguvu ya ziada, kisizime mashine katikati ya mlima. Na waya zote tatu za skrini zichomekwe kwenye kadi yenyewe, si kwenye matundu mengine ya kompyuta yaliyo juu yake; fundi anasema watu hukosea hapo kisha wanailaumu kadi. Shemeji mpigie leo. Atakucheka, na ana haki.

Ila ninalotaka kukugombeza hasa si kasha. Unamchagulia shati, unamchagulia pa kukaa, na sasa unamchagulia barabara kwa siri. Najua umemuuguza kwa mapenzi, na Mungu akulipe. Lakini humo ndani ni nani anayejua kiti kiinuke kiasi gani na usukani ukae mbali kiasi gani na kifua? Wewe? Siri hiyo ivunje. Panga vifaa vyote mezani mbele yake, mweleze ulivyokosea bila kupunguza, halafu muulize skrini za pembeni zigeuzwe kiasi gani. Usimjibie. Akinyamaza dakika kumi, nyamaza naye dakika kumi.