Ukoo wa Msumari

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta umeshaweka miwani puani, na Mama yuko pembeni anakuhimiza usome kwa sauti. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au bado inakaa dirishani kama pambo? Mwambie Mama namwamkia, na yale mashuka aliyoniagiza niyaweke akiba nimeyatandika tangu siku ya kwanza. Sikuweza kujizuia.

Sisi huku wazima, tena zaidi ya wazima. Baba, nimeolewa! Najua unajua, ulikuwepo, lakini mimi kila asubuhi habari hii inanifikia upya. Naamka namkuta mkweo ananichemshia chai huku akiimba vibaya, nami najisemea, kumbe mtu huyu ni wangu. Tuna vyumba viwili. Kimoja tunalala, na cha pili kimejaa majokofu mabovu ya watu, matano kwa leo. Kabati bado hatuna, kwa hiyo nguo zangu nimezipanga ndani ya jokofu moja ambalo mwenyewe amelisusa. Wateja humwita Fundi Baridi, na mimi sasa naitwa Mama Baridi, nami nikiitwa hivyo naitika mpaka nyumba ya tatu.

Sasa nikupe habari za jina lake. Siku walipoleta posa ulinitania kwamba siolewi na mtu, naolewa na mji mzima, kwa kuwa kila uliyekutana naye njiani alijiita Msumari. Hukukosea. Mtaani kwetu tu, kinyozi ni Msumari, muuza mikate ni Msumari, na jirani aliyeshtakiana na kinyozi kwa ajili ya mtaro wa maji machafu naye ni Msumari. Shuleni mwalimu aliwaita kwa namba, na mkweo alikuwa Msumari wa Sita. Rafiki zake wa utotoni hadi leo humwita Wa Sita. Nilipouliza jina limetoka wapi, kila mtu alikuwa na lake. Kinyozi aliniapia kwamba babu yao alikuwa shujaa, akishasimama mahali hang'oki. Muuza mikate akasema kinyozi ni mwongo tangu tumboni mwa mama yake, babu yao alikuwa seremala mwenye wake kumi na wawili, ndiyo maana wamejaa hivi.

Ukweli tuliupata kwa bahati mbaya. Tulipokwenda kuandikisha ndoa, karani alifungua kompyuta yake, akamtazama mwenzangu, akanitazama mimi, kisha akaniambia kwa upole kwamba bwana huyu ana mke na watoto watatu. Baba, nilivua pete ya uchumba nikamtupia, ikaviringika chini ya kabati la majalada. Mwanamume wa watu akalala kifudifudi sakafuni kuitafuta, huku akiapa kwa kila kiungo cha mwili wake kwamba hana mke wala mtoto. Baadaye karani akagundua kwamba kuna wanaume wanne wenye majina yote mawili sawasawa, na wamezaliwa mwaka mmoja. Akasema, ili kumtenganisha Msumari huyu na wengine, tukatafute maandishi ya babu yake kwenye kile kiwanda cha matofali cha zamani, walikotoka wote.

Ndiyo, Baba. Kiwanda kile kile alichokwenda Baba Mdogo. Kile ulichokiandikia barua saba, zote zikarudi na maneno kwamba hayupo mtu wa jina hilo.

Kiwanda kilishafungwa, limebaki shimo la udongo na chumba kimoja karibu na geti, ambamo mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi anatunza madaftari ya wafanyakazi. Ana ulimi mkali huyo! Alituambia kwamba kila Msumari anayefika pale huja akitafuta kiti cha enzi, huondoka na matope. Hakuna ukoo wa Msumari, akasema. Msumari lilikuwa jina la utani la msimamizi mmoja, mrefu, mwembamba, mwenye kichwa bapa, na mwenyewe hakuwa na mtoto hata mmoja. Makarani wa zamani hawakutaka kuhangaika na majina marefu ya koo za watu, kwa hiyo kila aliyeingia kikosi chake walimwandikia lile jina aliloitwa na wenzake, wakaongeza Msumari. Msimamizi alipozeeka akaenda zake, kikosi kikabaki na jina lake, na watoto waliozaliwa kwenye zahanati ya kiwanda wakaandikwa hivyo hivyo. Alimwambia mwenzangu asijisumbue kutafuta undugu na wenzake, undugu wao ni wa koleo.

Babu yake tulimpata upesi, na mwenzangu alifurahi mno, alicheka mpaka akapaliwa. Mimi na kiherehere changu nikaendelea kufunua kurasa, nihesabu wako wangapi.

Baba, hapa mwache Mama ashike karatasi pamoja nawe.

Nilikuta Kibiriti Msumari. Umri miaka kumi na tisa. Alama ya kumtambulisha, kovu la nusu duara juu ya jicho la kushoto. Nani mwingine, Baba? Wewe mwenyewe ulitusimulia ulivyompiga kwa mfuniko wa sufuria mkigombea ukoko, na jinsi ulivyomwita Kibiriti kwa sababu alikuwa hachelewi kuwaka. Mwezi na mwaka ni ule ule alioondoka nyumbani. Na chini ya jina lake, baada ya miezi mitatu tu, pana mstari wa wino mwekundu. Ukuta wa shimo la udongo uliporomoka asubuhi, ukawafunika watu watano.

Hakukutupa, Baba. Ulituambia kwamba ulikaa miezi sita kwa hasira, ukisubiri aanze yeye kuandika. Ulipoandika ile barua ya kwanza, alikuwa ameshalala chini miezi mitatu. Na pale getini walitafuta jina la ukoo wetu, ambalo halikuwemo katika daftari lolote.

Sasa niseme langu, maana hilo ndilo linaloninyima usingizi. Siku hiyo ilikuwa wiki tatu kabla ya harusi. Nilijua, Baba. Mwenzangu alitaka tupande basi siku ile ile tuje kukuambia. Alisema msiba huo ni wako, hatuna haki ya kukufichia. Nilimkatalia. Niliona harusi inaahirishwa, nakuona umekaa na watu waliokuja kukupa pole, nami nilitaka uniingize ukumbini ukiwa unacheka. Nikajiambia kwamba aliyesubiri miaka thelathini na minne hatashindwa na wiki tatu. Tuligombana, akalala siku mbili kwenye chumba cha majokofu.

Kisha siku ya harusi ukasimama kutoa nasaha. Ukasema unaye mdogo wako mmoja anayekula raha mahali, aliyesahau hata kaburi la mama yake, na yeyote atakayemwona amwambie mlango wako asiuguse. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, Baba, nikiwa na shela kichwani. Mwenzangu aliweka kijiko chini akatoka nje, na uliponiuliza kama anaumwa nikakujibu kwamba ni joto.

Tangu siku hiyo furaha yangu ina doa. Nampenda mume wangu, naipenda nyumba yangu, halafu nakusikia unayasema maneno yale, nami najua ni mimi niliyekuacha uyaseme.

Jumapili iliyopita tulikwenda makaburini, nyuma ya shimo. Kila kaburi lina tofali kubwa lililochorwa jina kabla ya kuchomwa. Lake halijavunjika. Tuling'oa majani, tukakaa naye mpaka jua likawa kali. Yule mama wa madaftari amenitolea nakala ya ukurasa, nimeitia humu ndani. Tazama safu ya mwisho, inayouliza mtu wa kuarifiwa mfanyakazi akipatwa na jambo. Wengine wote wamejaziwa na karani, jina na mahali. Kwake mwandiko ni mwingine, umelala upande, na nadhani ni wake mwenyewe. Hakuandika jina wala mahali. Ameandika neno moja tu, Kaka.

Basi, Baba, nakuarifu.

Mkweo atafika huko Jumamosi kukuchukua, uwe umenikasirikia au hujanikasirikia. Mpe Mama pole kwa niaba yangu, na umsalimie Shangazi kabla hujamwambia.

Ni mimi binti yako,

Chiriku