Ndoo Bombani Baada ya Uchaguzi

Kigamboni, Jumanne, asubuhi ya manyunyu.

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Kikohozi cha babu yako kimepungua. Unaniuliza utamtazamaje rafiki yako Rehema, maana ulimpigia kura aliyemshinda baba yake udiwani.

Yalinikuta hayo. Mume wa shoga yangu Mwajuma aligombea kata yetu, nami nikampigia debe mpinzani wake, akashinda. Pale bombani tulikolaza ndoo zetu, kati yangu na Mwajuma aliyewahi kuamka alikuwa akimpangia mwenzake ndoo kwenye foleni. Kesho yake baada ya matokeo nilichelewa makusudi, nikijua nimempoteza. Nikakuta ndoo yangu imetangulia yake.

"We shoga," akaniita, "diwani wako kashinda, ndio maji umesusa?"

Mumewe alininunia mwezi mzima. Mwajuma, hata siku moja.

Nenda kwa Rehema, mama. Usingoje akuite.

Bibi yako